Kesho ya Mdogo Wako Imo Kwenye Mafaili ya Wakubwa

WANASEMA kesho haijulikani. Mgeni rasmi akisimama kwenye mahafali ya kidato cha nne, baada ya risala na ngoma, hotuba yake ni ile ile: dunia inabadilika, vijana msichague kazi, vijana jiajirini. Anapigiwa makofi, anapewa zawadi ya khanga ampelekee mama nyumbani, anaingia kwenye shangingi lake na kioo cheusi kinapanda. Mtoto wa miaka 17 anabaki uwanjani akijiuliza ajiajiri kwa kitu gani.

Nakuandikia wewe, kaka wa mtoto huyo. Wewe wa Manzese, wa Mbagala, wa Igoma, wa Ngarenaro, ambaye pengine gazeti hili umeliazima kijiweni kwa mwenzako (hatukulaumu, ndivyo magazeti yetu yanavyosomwa). Mshauri wa kazi wa mdogo wako ni wewe, upende usipende. Baba anaijua kazi moja, ile aliyoifanya mpaka kiwanda kikafungwa. Mama analijua genge lake. Mwalimu wa ushauri nasaha, kama shule ya kata hiyo inaye, ana vipindi vyake, ana madaftari ya kusahihisha, na yeye mwenyewe anatafuta uhamisho. Matokeo yakitoka, mtoto anaambiwa, "Kamuulize kaka yako." Hiyo ndiyo ofisi ya ushauri ya mlalahoi.

Sasa utamwambia nini?

Kabla hujafungua mdomo, tukubaliane jambo moja. Hiyo kauli ya kwamba kesho haijulikani ni kweli nusu tu. Nusu ya pili ni uongo, tena uongo unaotugharimu. Sehemu kubwa ya kesho yetu huandikwa miaka mingi kabla haijafika, ikapigwa mihuri na kuwekwa kwenye mafaili. Wenye mafaili wanaijua. Watoto wao wanaisikia mezani wakati wa chakula cha jioni. Asiyeijua ni mdogo wako.

Chukua habari ya mwendokasi wa Dar es Salaam. Wakala wa mabasi hayo, DART, uliundwa mwaka 2007. Ujenzi wa barabara ya awamu ya kwanza ulianza mwaka 2012. Mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, na daladala zikaondolewa kwenye njia ile. Hesabu mwenyewe, ni miaka tisa. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 12 wakati wakala unaundwa alikuwa na 21 siku daladala aliyoning'inia mlangoni ilipoambiwa ikatafute njia nyingine. Katika miaka yote hiyo tisa, ni nani aliyekwenda kituoni Ubungo kuwaambia makonda na wapiga debe kwamba kazi hii hapa ina tarehe ya kufa? Ni nani aliyewaambia kwamba upande wa pili watatakiwa madereva wa mabasi marefu, mafundi wa injini zile, na watu wa mashine za tiketi, na kwamba anayetaka ajiandae mapema? Hakuna! Wenye faili walijua. Konda alijua siku alipoona zege linamwagwa.

Sisemi mradi ulikuwa mbaya. Mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro saa mbili na nusu akiwa amesimama kwa mguu mmoja hawezi kusema hivyo. Nasema kwamba ile kesho ilijulikana, na haikusemwa kwa waliokuwa wanaihitaji.

Njoo kwenye ualimu, maana hapa ndipo walipoumia wengi. Miaka ile shule za kata zilipokuwa zinaota kama uyoga, nchi ilikuwa na njaa ya walimu. DUCE pale Chang'ombe na MUCE kule Iringa vilifunguliwa mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata mwaka 2007. Ualimu ulikuwa miongoni mwa kozi za kipaumbele kwenye mikopo, na ukimaliza unapangiwa kituo bila kubembeleza mtu. Kila kaka mwenye akili timamu alimwambia mdogo wake: kasome ualimu, hutakosa kazi. Kwa wakati ule alisema kweli. Ikaja 2016, ajira za Serikali zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Zilipofunguliwa tena zilifunguliwa kwa tundu la sindano, wa sayansi wakatangulizwa. Aliyesoma Historia na Kiswahili akabaki na shahada yake kwenye bahasha ya kaki. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira, wakiwamo waliohitimu tangu 2015, walijikusanya wakajiita NETO na kulia hadharani. Miaka kumi mtu anangoja barua!

Angalia ubaya ulipo hasa. Serikali ilikuwa inajua, kwa sababu ndiyo inayopanga bajeti, kwamba mwaka fulani itaajiri walimu kadhaa. Ilikuwa inajua pia, kwa sababu ndiyo inayotoa mikopo, kwamba madarasani wamo walimu wanafunzi kadhaa. Namba mbili, mafaili mawili. Hakuna aliyezichukua akazibandika ubaoni ili kijana wa kidato cha sita azisome kabla hajajaza fomu. Vyuo viliendelea kudahili walimu wa sanaa mwaka baada ya mwaka, na deni la mkopo linamfuata mtu hadi leo kana kwamba yeye ndiye aliyedanganya.

Wengine walidanganyiwa mlango kabisa. Mwaka 2014 ilianzishwa pale Dodoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari, ikawachukua vijana waliotoka kidato cha nne. Walikwenda kwa sababu waliitwa. Mei 2016 zaidi ya 7,000 kati yao waliamriwa kufungasha na kuondoka chuoni, na Rais wa wakati huo, John Magufuli, akawaita vilaza. Baadaye waliokuwa na alama za kutosha walipelekwa vyuo vya ualimu. Lakini jiulize: mtoto wa miaka 18 aliyeitwa na Serikali kwa tangazo la Serikali akaenda, kisha akatukanwa na Serikali, kosa lake ni lipi? Kuamini?

Kusini nako walipewa wimbo wa gesi. Baada ya gesi ya kina kirefu kugunduliwa kuanzia mwaka 2010, Mtwara na Lindi vijana waliambiwa wakae mkao wa kula. Walioandamana mwaka 2013 kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam walikiona cha moto. Bomba likajengwa, likazinduliwa mwaka 2015. Kile kiwanda kikubwa cha kusindika gesi cha Lindi, ambacho ndicho kilichotajwa kuwa chungu cha ajira, kikawa cha mazungumzo. Mwaka 2022 yakasainiwa makubaliano ya awali. Mpaka mwaka 2025 unaisha ujenzi ulikuwa haujaanza. Waliosomea gesi wakiwa na miaka 20 wamepata ndevu, wamepata watoto, na gesi yao iko chini ya bahari.

Hapo sijagusa ahadi za kampeni. Mwaka 2005 chama tawala kiliahidi ajira milioni moja. Mwaka 2020 chama hicho hicho kiliahidi milioni nane. Ahadi inaongezeka ukubwa, na kijiwe nacho kinaongezeka ukubwa. Mwezi wa kampeni mnajaziwa mafuta lita mbili mpige honi nyuma ya msafara, na fulana juu. Uchaguzi ukiisha fulana inakuwa kitambaa cha kufutia tangi la pikipiki.

Kwa hiyo, ndugu yangu, onyo la kwanza kwa mdogo wako ni hili: kazi yoyote ambayo mwajiri wake ni mmoja tu ni kazi ya hatari, hata kama mwajiri huyo ni Serikali yenye bendera. Wazee wetu watakubishia. Kwao "kazi" maana yake ni meza, faili na pensheni. Waonyeshe hesabu kwa heshima. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili Dar es Salaam, wakajaa Uwanja wa Taifa kama mechi ya watani wa jadi: zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba zaidi ya 135,000. Hiyo ni nafasi moja kwa watu karibu 85. Na wewe na mimi tunajua kwamba si wote 85 wanaosimama mstari mmoja, wapo wenye vimemo. Mtoto akitaka aombe, aombe. Asikae anangoja.

Kosa jingine letu sisi makaka ni lile swali tunalolipenda, "Unataka kuwa nani?" Mtoto wa miaka 15 atakujibu rubani, daktari, au mchezaji. Ni kweli Mbwana Samatta alitoka Mbagala akafika Aston Villa mwaka 2020, na kila uwanja wa vumbi una watoto kumi na tano wanaojiita Samatta. Sikatazi ndoto. Ila swali hilo linamfundisha mtoto kuchagua jina la kazi, na majina ya kazi ndiyo yanayokufa haraka. Nani leo anakumbuka vijana waliokuwa wanasimamia vibanda vya simu vya kadi? Wenye kafe za intaneti walionekana wajanja wa mjini miaka ya mwanzo ya 2000, simu za kugusa zikawafilisi. Kwa upande mwingine, M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 ilizaa mawakala kila kona, na hakuna mtoto hata mmoja wa mwaka 1998 aliyewahi kumwambia mwalimu wake kwamba akikua anataka kuwa wakala wa kutoa na kuweka fedha. Sasa imekuja hii akili mnemba, inaandika barua, inachora nembo, inatafsiri. Anayeishi kwa kuchapa barua za watu stationery pale Kariakoo aanze kufikiri leo.

Muulize mdogo wako swali jingine: mikono yako inaweza kufanya nini, na nani mtaani atakulipa kwa hicho? Kisha usimwache ajibu kwa kukisia. Mpeleke akaone. Hili ndilo la maana kuliko yote ninayokuandikia, na halina gharama zaidi ya nauli.

Unao washikaji. Yupo anayechomelea vyuma Gerezani, yupo seremala Keko, yupo fundi wa majokofu, yupo fundi simu, yupo anayefunga madirisha ya alumini, yupo anayelaza vigae. Mpeleke mtoto akakae kwa mmoja wao Jumamosi tatu mfululizo kama saidia fundi, asilipwe, apewe chai tu. Kwa mwingine Jumamosi tatu nyingine. Mwambie asiangalie kazi peke yake, aulize maswali ambayo shule haiulizi. Ulijifunza muda gani kabla hujapata mteja wako mwenyewe? Vifaa vyako vyote ukivipanga hapa chini vina thamani gani, na uliupata wapi mtaji wake? Miezi gani hakuna kazi? Mteja asipolipa unafanyaje? Na swali la mwisho, ambalo fundi atacheka kabla ya kujibu: mwanao ungemfundisha kazi hii?

Utashangaa majibu. Fundi wa kulaza vigae atakwambia magoti yanauma akifika miaka 40. Mchomeleaji atakuonyesha macho. Fundi wa majokofu atakwambia kipupwe hana kazi lakini kuanzia Oktoba halali. Mmoja atakwambia kwamba fedha haiko kwenye kutengeneza, iko kwenye kujua duka la vipuri. Haya ndiyo mafaili yetu sisi walalahoi. Wao wanayo ya Dodoma, sisi tunayo ya Gerezani, tatizo hatuyafungui.

Halafu kuna bodaboda. Najua wengi mnaosoma hapa mnaendesha, na sina dharau hata chembe. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziruhusu pikipiki kubeba abiria, kazi hii imelisha familia ambazo ofisi za kazi zisingezilisha. Lakini tuwe wakweli kwa mdogo wetu. Tuseme amechukua mkataba, hesabu ya bosi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima. Ni 3,120,000. Mafuta juu yake, oili juu yake, faini za trafiki juu yake. Mwaka ukiisha pikipiki ni yake, nayo imeshazeeka, yeye ameongeza mwaka mmoja na makovu mawili. Ujuzi alioupata ni ule ule aliokuwa nao mwezi wa pili. Hapo ndipo penye tatizo. Kazi inayokulipa leo na isiyokuongezea ujuzi inakula kesho yako polepole.

Mimi ningemwambia hivi: kama hali ya nyumbani inamlazimisha apande pikipiki, apande, lakini asubuhi mbili kwa wiki akae kwa fundi pikipiki. Na asijifunze kabureta peke yake. Pikipiki za umeme zimeshaingia Dar es Salaam, nimeziona kwa macho yangu na wewe umeziona. Atakayejua kufungua betri na mota wakati wenzake bado wanapuliza pailoti ndiye atakayefuatwa na wateja.

Mwambie pia asiitupe hisabati. Kwenye mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024, karibu watahiniwa watatu kati ya wanne walishindwa somo hilo. Watoto wanaambiana kwamba hisabati ni ya watu wa PCM. Uongo! Fundi umeme anayeshindwa kukokotoa mzigo wa nyaya anaunguza nyumba. Fundi ujenzi asiyejua uwiano anakula hasara ya saruji. Anayetaka biashara ndiyo kabisa.

Sasa tuje kwenye mpango mpya wa Serikali, maana utaulizwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imegawa sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Utekelezaji ulianza Januari 2024. Mkondo wa amali maana yake mtoto anatoka na ujuzi wa mikono pamoja na elimu ya darasani. Nani atapinga? Mwalimu Nyerere alisema karibu hayo hayo kwenye Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Miaka ya 1970 sekondari zetu zilikuwa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Zilikuwapo shule za ufundi zenye majina, Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Bwiru, Iyunga. Mapungufu hayakuwa kwenye wazo. Baadaye mashine zilikufa hazikutengenezwa, walimu wa ufundi walistaafu hawakuzibwa mapengo, karakana nyingine zikageuzwa stoo za madawati mabovu.

Kwa hiyo mdogo wako akiletewa karatasi ya kuchagua amali, usiisome karatasi, nenda kaione karakana. Wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Uliza mashine ziko ngapi na watoto wako wangapi. Uliza umeme umefika au nguzo imesimama nje tu. Uliza mwalimu wa fani hiyo yupo au "anatarajiwa". Ukikuta karakana iko hai, mpeleke mtoto bila woga, usisikilize wanaosema amali ni ya waliofeli. Ukikuta ukuta na rangi mpya, basi huko atafundishwa kuchomelea kwa kuandika ubaoni, afadhali abaki mkondo wa jumla na Jumamosi zake Gerezani.

VETA ni njia nyingine, na watu hawaijui vizuri. Kwa miaka mingi ada ya vyuo vyake imekuwa 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, mbali na vifaa. Mtoto hupanda ngazi tatu za cheti, na akiwa na sifa anaweza kuendelea hadi stashahada. Aliyeishia kidato cha nne kama mimi hajafungiwa mlango. Na wewe mwenyewe kaka, uliyejifunza kazi mtaani bila karatasi: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Wanakupima kwa vitendo, wanakufundisha pale penye pengo, unapata cheti. Miradi mikubwa hailipi fundi asiye na cheti kama inavyomlipa mwenye nacho, hata kama mkono wako ni mzuri kuliko wake. Waulize waliokwenda kwenye reli ya SGR au kwenye bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Wengi wetu tuliingia kama vibarua tukatoka kama vibarua, kwa sababu ya karatasi.

Hapa nataka uulize swali la fedha, maana fedha ipo. Waajiri wakubwa wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi. Ilikuwa asilimia 4 ya mishahara wanayolipa, mwaka 2023 ikashushwa hadi 3.5. Sheria inataka theluthi moja iende VETA. Fedha hiyo ilitungiwa sheria kwa ajili ya mikono ya mdogo wako. Ukisikia chuo cha ufundi cha wilaya kimezinduliwa kwa mbwembwe na utepe, uliza kina walimu wangapi, na kina vifaa vya fani ngapi kati ya zile zilizoandikwa kwenye bango la getini. Ukiambiwa wewe ni mpinzani, kubali, kisha uliza tena.

Madai yetu hayahitaji mabilioni. Ofisi ya kata ina ubao. Kila Januari zibandikwe pale karatasi mbili. Ya kwanza iseme Serikali na halmashauri zitaajiri watu wa fani gani mwaka huu, na vyuoni wamo wangapi wa fani hiyo hiyo. Ya pili iseme mradi gani unakuja wilayani, unaanza lini, unaisha lini, unataka mafundi gani, na kazi gani za wananchi utaziua. Taarifa zote hizo zinalipiwa kwa kodi zetu na zimeshaandikwa. Kinachokosekana ni gundi ya kubandikia na nia.

Usidhani nazungumzia ya zamani tu. Ipo kesho nyingine ambayo imeshaandikwa na haijasemwa kwa sauti inayostahili. Chini ya mpango huu mpya, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Mtoto aliyeanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya anamaliza darasa la sita mwaka 2027. Aliyekuwa darasa la nne mwaka huo huo wa 2024, kwa mtaala wa zamani, anamaliza la saba mwaka 2027 vile vile. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili ya nchi nzima yanaingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja. Kwa hesabu ya kawaida watafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2031, na mwaka 2032 watagombea nafasi za kidato cha tano, za vyuo na za vijiwe, wawili kwa kila nafasi ambayo sasa hivi inagombewa na mmoja. Hata sasa haitoshi! Mwaka 2024 waliopangwa kidato cha tano katika shule za Serikali walikuwa kama 132,000, wakati waliokaa kwenye mtihani walizidi laki tano.

Kama una mdogo wako, au mtoto wa dada yako, katika madarasa hayo mawili, huna haja ya mganga kukusomea nyota yake. Anza Jumamosi zake mapema kuliko wenzake. Na ukisikia mkutano wa hadhara wa mtaa umeitishwa, nenda. Diwani akimaliza kusifu, simama umuulize kwa jina la shule: sekondari yetu ya kata imejengewa vyumba vingapi vya kuwapokea wa 2028, karakana yake iko wapi, na kwenye bajeti ya halmashauri ya mwaka huu imetajwa ukurasa gani. Bajeti anayo, aliipitisha yeye kwenye baraza. Mwambie aje nayo mkutano ujao.